Mama Yupo Nyumbani, Lakini Mtoto Yuko na Nani?

Jumamosi moja asubuhi, kabla hatujamaliza kufagia baraza la zahanati yetu, aliingia mama mmoja akikimbia, mtoto mikononi. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka 1 na miezi 2. Mkono wake wa kulia, toka kiganjani hadi karibu na kiwiko, ulikuwa umepakwa dawa ya meno, na chini ya dawa hiyo ngozi ilikuwa imeanza kuvuka. Mama huyo hupika maandazi nyumbani kwake na kuwauzia wanafunzi na wapita njia. Karai la mafuta lilikuwa jikoni, mtoto alikuwa ameketi mkekani nyuma ya mama, na mama aligeuka mara moja tu kumpa mteja chenji. Katika kugeuka huko, mtoto alikwisha kufika penye jiko.

Wakati tunamhudumia mtoto, mama alikuwa akilia na kurudia maneno yale yale: "Sista, nilikuwa hapo hapo. Sikwenda popote. Nilikuwa hapo hapo."

Ndugu wasomaji, maneno hayo si mageni kwetu. Tumeyasikia kwa mama fundi cherehani ambaye mtoto wake alimeza kifungo. Tumeyasikia kwa baba anayetengeneza viatu nyumbani, ambaye mwanawe alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda. Wote walisema kweli. Hawakuwa wazazi wazembe, wala hawakwenda kutembea. Walikuwa hapo hapo, wakitafuta riziki ya watoto hao hao.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona ni vema tuzungumze na familia zinazofanya kazi ya kipato nyumbani huku zikilea watoto wadogo. Tunalotaka kusema ni moja: kuwa karibu na mtoto ni jambo moja, na kumwangalia mtoto ni jambo jingine. Mtu ambaye macho na mikono yake viko kwenye kazi, hata akiwa hatua 2 kutoka kwa mtoto, kwa wakati huo hamwangalii mtoto. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Mara nyingi kinachoponyoka ni mtoto, kwa sababu mafuta ya moto hayasubiri na mteja hasubiri.

Nyumba isiyo na likizo

Mama aliyeajiriwa ana sheria inayomlinda. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo yenye malipo ya siku 84, na siku 100 kama amejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha kwa muda wa hadi saa 2 kwa siku. Baba naye ana siku 3 za malipo za kumhudumia mtoto mchanga.

Lakini mama anayepika vitumbua, anayeshona sare za shule, anayetengeneza sabuni ya maji, au anayeuza nyanya na vitunguu kwenye genge mlangoni kwake, atapewa likizo na nani? Wengi wanarudi penye jiko kabla kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri. Na tangu ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, wapo pia walimu, makarani na wahasibu ambao baadhi ya kazi zao huzifanyia nyumbani kwa simu na kompyuta. Hao nao majirani huwaambia, "Wewe una bahati, unakaa na mtoto wako." Wanakaa naye, ndiyo, lakini kazi nayo inawangoja.

Kwa kuwa sheria ya nchi haiwezi kuingia kila jikoni, inabidi kila nyumba ijiwekee sheria yake. Sisi tunapendekeza sheria yenye vifungu 3: gawa mahali, gawa saa, gawa mikono.

1. Gawa mahali

Pale mnapofanyia kazi na pale mtoto anapochezea pasiwe mahali pamoja. Hata kama nyumba ni ya chumba kimoja na baraza, inawezekana kuweka mpaka. Ubao uliosimamishwa mlangoni, uzio mfupi wa fito, au meza iliyolazwa ubavu inatosha kumzuia mtoto anayetambaa. Mtoto huanza kujigeuza akiwa na miezi michache tu, na wengi hutambaa kabla ya kutimiza mwaka. Msingoje mpaka siku atakapotambaa ndipo mtafute fito. Wekeni mpaka kabla.

Baada ya kuweka mpaka, angalieni mambo haya:

Jiko la mkaa au la kuni liwe nje au penye hewa ya kutosha, mahali imara ambapo haliwezi kupinduliwa, na mtoto asiweze kulifikia. Mikono ya sufuria na karai ielekezwe upande ambao mtoto hafiki. Chai, uji na mchuzi wa moto visiwekwe chini sakafuni wala kwenye kitambaa cha meza kinachoning'inia.

Mtoto asibebwe mgongoni wakati mnakaanga au kumimina maji ya moto. Tunajua mgongo wa mama ni kitanda kizuri, na kwa kazi ya kufagia au kuchambua mchele hauna shida. Lakini penye karai la mafuta, tone moja likiruka linamfikia, na moshi anauvuta pamoja na mama. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa majiko ndani ya nyumba karibu unaongeza maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata maambukizo ya mapafu, yaani nimonia.

Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe kwenye chumba kilichofungwa, iwe ni kwa kupasha joto, kukausha nguo za mtoto, au kumalizia kupika maharage wakati wa mvua. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inaweza kuua familia nzima usingizini.

Mafuta ya taa, dawa ya kuua wadudu, jiki na kostiki soda ya kutengenezea sabuni visiwekwe kamwe kwenye chupa za soda, za maji au za juisi. Mtoto hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua. Viwekwe juu, kwenye sanduku lenye kufuli. Siku ya kutengeneza sabuni, watoto wasiwepo kabisa.

Ndoo na beseni za maji zifunikwe au zimwagwe baada ya kazi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yenye kina cha sentimeta chache tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujinyanyua. Tena huzama kimya kimya, bila kelele za kuwashtua watu.

Vifungo, pini, sindano, shanga, sarafu, karanga na punje za maharage au mahindi visisambae sakafuni. Fundi cherehani afagie kila anapomaliza kipande cha kazi. Siku hizi kuna jambo jingine la kuogopa, nalo ni betri ndogo za duara zilizo kama kifungo, zinazowekwa kwenye saa, mizani ndogo na vitu vya kuchezea watoto. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Mkidhani mtoto ameimeza, nendeni hospitali wakati huo huo, hata kama mtoto anacheka.

2. Gawa saa

Kazi za nyumbani hazilingani kwa hatari. Kukaanga, kupiga pasi ya mkaa, kuchemsha rangi za batiki na kutengeneza sabuni ni kazi za moto na sumu. Kufungasha ubuyu, kuchambua dagaa, kutia vifungo, kupanga bidhaa na kuandika hesabu ni kazi nyepesi. Kazi za moto zipewe saa ambayo mtu mzima mwingine yupo na mtoto, au mtoto amelala mahali salama nyuma ya mlango uliofungwa. Kazi nyepesi ndizo zifanywe wakati mtoto yuko macho.

Mama yule wa Jumamosi alirudi kwetu kufungwa kidonda cha mtoto kwa muda wa wiki 3. Katika wiki hizo hakupika hata andazi moja. Mumewe ni dereva wa bodaboda na hutoka saa 11 alfajiri kuwawahi abiria wa stendi. Tulipomshauri mama apike alfajiri baba akiwa na mtoto, baba alikataa. Alisema saa ile ndiyo yenye abiria, na kwamba kulea ni kazi ya mama. Hatukubishana naye. Tulimwomba tu achukue karatasi, aandike wiki 3 za maandazi yasiyouzwa, nauli za kuja zahanati na gharama za dawa, halafu aandike ni abiria wangapi angewakosa kama angeanza kazi saa 1 asubuhi badala ya saa 11. Alikaa kwenye benchi akaandika. Kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni bila kusema neno.

Leo mama huyo huanza kukaanga saa 10 alfajiri. Mtoto yuko ndani na baba. Saa 1 asubuhi karai limeshateremshwa, mafuta yamefunikwa na kuwekwa mahali pa kupoa panapofungwa, na baba anatoka. Mama anauza maandazi yaliyokwisha kuiva, mtoto akiwa kando yake, na moto haupo. Kipato cha baba kimepungua kidogo, hilo alitueleza mwenyewe. Mkono wa mtoto umepona, kovu limebaki.

Katika kugawa saa, tengeni pia saa ya mtoto. Ni kipindi ambacho kazi yote imewekwa chini na mzazi yuko na mtoto tu: anamwogesha, anamwimbia, anamwonyesha kuku na kumwambia jina lake, anajibu sauti zake. Hayo si mambo ya watu wenye nafasi peke yao. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi sana katika miaka yake ya kwanza, na chakula cha ubongo huo ni kusemeshwa, kuchekewa na kuguswa kwa upendo. Ndiyo sababu Programu ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapa nchini mwaka 2021, ilihesabu malezi yenye mwitikio pamoja na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali. Tena tumeona mara nyingi kwamba mtoto aliyeshibishwa uso wa mama yake asubuhi hudai kidogo mama anaporudi kazini.

Wengine humpa mtoto simu ili atulie. Tunaelewa sababu, lakini simu si mlezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya simu wala televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mpeni vikombe vya plastiki, kijiko cha mti, chupa tupu zilizosafishwa na kopo lenye mfuniko. Kwake hiyo ni shule.

3. Gawa mikono

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tunaisema sana harusini na kwenye ubatizo, lakini tukifika nyumbani tunamwachia mama mikono yote.

Wa kwanza kuhesabiwa ni baba. Kulea si kumsaidia mama kazi yake. Ni kazi ya baba mwenyewe. Hapa tunapenda kuwakumbusha habari za wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye picha yake imo katika nyumba zetu nyingi. Mama yake, Zélie Martin, alikuwa na kazi ya kutengeneza lesi katika mji wa Alençon, Ufaransa, na aliifanyia nyumbani kwake, akiwagawia kazi wanawake wengine nao wafanyie makwao. Alizaa watoto 9, na 4 kati yao walifariki wakiwa wadogo. Barua zake zinaeleza wazi jinsi kazi ile ilivyomchosha. Teresa alipozaliwa mwaka 1873 akadhoofika, mama alikubali kumkabidhi kwa mama mnyonyeshaji kijijini, na mtoto akapona. Na baba, Louis, aliyekuwa fundi saa, aliliacha duka lake akaingia katika kazi ya mkewe ili waibebe pamoja. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015. Kwa hiyo, akina baba, kumshika mtoto wakati mama anafanya kazi hakumpunguzii mwanaume heshima. Na akina mama, kuomba msaada si kushindwa kulea.

Wa pili ni bibi, shangazi, na mtu mzima mwingine wa nyumbani. Tunasisitiza mtu mzima. Mtoto wa miaka 7 hawezi kumlinda mtoto wa mwaka 1 penye moto na maji. Anaweza kucheza naye wakati mkubwa anaangalia, basi. Na binti wa shule asibakishwe nyumbani siku za soko ili amshike mdogo wake. Siku 2 kwa wiki zinaonekana chache, lakini mwisho wa mwaka binti huyo ameachwa nyuma darasani, na sisi wazazi tunasema hana akili. Kama mna dada wa kazi, naye awe mtu mzima, alipwe haki yake, na asipewe mtoto pamoja na jiko kwa wakati mmoja, maana yeye naye ana macho mawili tu.

Wa tatu ni jirani katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Tunazijua familia 4 za jumuiya moja zilizopatana kupokezana watoto. Kila mama ana asubuhi moja katika wiki ambayo hafanyi kazi, anaangalia watoto wa wenzake pamoja na wake, na asubuhi 3 nyingine anakuwa huru. Walijiwekea masharti machache: penye zamu jiko haliwashwi, mtoto mwenye kuhara, homa au macho mekundu anabaki kwao, kila mtoto anakuja na chakula chake na kikombe chake, na namba za simu za wazazi zimebandikwa ukutani. Katika mwaka wao wa kwanza waligombana mara 2, kwa sababu mmoja alichelewa kumfuata mwanawe. Jumuiya ikawasuluhisha, nao wanaendelea hadi leo. Hatuoni kwa nini jumuiya nyingine zisifanye hivyo. Tunakutana kila wiki kusali rozari na kusoma Injili. Tunaweza pia kuulizana ni nani wiki hii ana kazi ya moto na hana wa kumshikia mtoto.

Kunyonyesha na chakula

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo apewe chakula kingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Faida moja kubwa ya kazi ya nyumbani ni kwamba ziwa liko karibu. Isiwe basi kwamba mama wa ofisini ananyonyesha kuliko wa nyumbani. Mkiwa na mteja, mteja angoje. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI naye anyonyeshe kwa kufuata maelekezo ya kliniki na kutumia dawa zake bila kukosa.

Ikiwa mama lazima aende sokoni kununua bidhaa, anaweza kukamua maziwa. Anawe mikono kwa sabuni, akamulie kwenye kikombe safi, afunike, na akiweke mahali pa baridi mbali na jiko. Mahali pasipo na joto kali maziwa hayo hukaa vizuri kwa saa 4. Penye joto yatumiwe mapema zaidi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa ya chuchu, kwani chupa hizo ni vigumu kuzisafisha na huleta kuhara.

Kwa mtoto aliyepita miezi 6, tuna ombi moja. Msimnyamazishe siku nzima kwa andazi, biskuti na chai ya rangi. Tumbo litajaa, lakini kadi ya kliniki itaonyesha mstari umelala. Apewe chakula chenye maharage au karanga zilizosagwa, dagaa, yai, mboga za majani na tunda, mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na mara 3 hadi 4 baada ya hapo.

Ajali ikitokea

Kinga ni bora kuliko tiba, lakini hata penye kinga ajali huweza kutokea. Kateni sehemu hii mbandike ukutani.

Kuungua: mwondoeni mtoto kwenye moto. Mwagieni maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, mahali palipoungua kwa dakika 20. Vueni nguo na bangili kama hazijagandamana na ngozi. Msipake dawa ya meno, mafuta, unga, yai wala majivu. Vitu hivyo hushika joto na kuleta uchafu kidondani. Funikeni kwa kitambaa safi, mfunikeni mtoto sehemu nyingine asipate baridi, mpelekeni kwenye huduma. Kama ni uso, kiganja, kiungo au sehemu za siri, au kama palipoungua ni pakubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, msichelewe hata kidogo.

Kunywa mafuta ya taa au kostiki soda: msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula. Yakitapishwa, mafuta ya taa huingia kwenye mapafu, na kostiki huunguza koo mara ya pili. Chukueni chupa yenyewe, mwende naye hospitali.

Kupaliwa na kitu: kama mtoto anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Kama hawezi kulia wala kupumua, na yuko chini ya mwaka 1, mlazeni kifudifudi kwenye mkono wenu, kichwa kikiwa chini, mpigeni mgongoni kati ya mabega mara 5. Kisha mgeuzeni, mbonyezeni katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5. Aliyepita mwaka 1 apigwe mgongoni mara 5, kisha akumbatiwe kwa nyuma na kubonyezwa juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudieni hivyo mpaka kitu kitoke, na mtu mwingine akitafuta usafiri. Msiingize kidole kooni kutafuta kitu msichokiona.

Mama naye ni mtu

Mwisho, tusimsahau mama. Anaamka alfajiri, anapika, anauza, ananyonyesha, anafua, na usiku mtoto analia. Mwili unachoka na moyo pia. Ikiwa mama analia bila sababu, hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu na mtoto, au anawaza kujidhuru, huo ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu, wala si kukosa imani. Aletwe kliniki, na mtu wa nyumbani aje naye.

Na siku kazi imebana na mtoto hanyamazi, hasira ikikupanda, usimtikise mtoto kamwe. Kumtikisa kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo. Mlaze chali mahali salama, toka nje ya mlango, vuta pumzi, uite jirani. Kulia hakumuui mtoto.

Wapendwa wasomaji, leo jioni, baada ya sala ya familia, ketini baba na mama kwa dakika chache. Zihesabuni saa za kesho toka alfajiri hadi usiku, na kwa kila saa ulizaneni: saa hii mtoto yuko mikononi mwa nani? Mkifika kwenye saa ambayo jibu lake ni "mama yupo hapo hapo," simameni. Hiyo ndiyo saa ya kutafutia mtu.